Siku Zilizoachwa Wazi

Mimi ni fundi saa. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Lina dirisha moja linalotazama barabara, meza, taa ya kupinda shingo, na saa za ukutani kumi na moja ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Wateja huniuliza kama kelele zote hizo hazinichoshi. Hazinichoshi. Saa ikienda sawa siisikii kabisa. Ninaisikia ikianza kuharibika.

Saa ya ukutani ikitundikwa upande, huchechemea. Mlio mmoja huwahi, unaofuata huchelewa. Watu wengi hawasikii tofauti. Mimi huisikia hata nikiwa jikoni nakata vitunguu, na mke wangu hunitania kwamba yalizaliwa masikio kwanza, mwili ukafuata.

Basi alfajiri moja nilikuwa kitandani nikimsubiri arudi kutoka mbioni. Nilimsikia akiwa bado mbali, kwenye kona ya duka la mikate. Barabara ilikuwa kimya. Mguu wa kulia ulitua, kikapita kimya kilichozidi kidogo, ndipo wa kushoto ukatua. Alikuwa anachechemea. Lakini si hilo lililonitoa kitandani. Kila baada ya mguu wa kushoto nilisikia mwingine, mwepesi, nyuma yake kidogo.

Nilifungua dirisha. Mke wangu alikuwa anakuja peke yake katikati ya barabara. Nyuma yake hapakuwa na mtu wala paka.

"Umekimbia na nani?" nilimuuliza alipoingia.

Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa. "Kwa hiyo na wewe umemsikia," alisema.

Nilijuta kuuliza.

Niwaeleze kidogo. Mke wangu hupiga pasi katika kiwanda cha nguo. Husimama saa nane kwa siku, mashati yanakuja, mashati yanaondoka. Zamani hakuwa mkimbiaji. Mkimbiaji alikuwa dada yake mkubwa. Huyo alikuwa haambiwi kitu kuhusu marathoni. Hakushinda hata moja. Alimaliza katikati ya kundi, akicheka, na mwaka uliofuata alikuwemo tena. Kisha aliugua ugonjwa wa damu, na katika wiki tano tukamzika.

Mke wangu aliomba vitu viwili tu katika vile alivyoacha marehemu: viatu vyake vya mbio na daftari lake la mazoezi. Viatu vilimtosha sawasawa. Daftari lilikuwa na mazoezi ya wiki kumi na sita, mpaka siku ya marathoni. Kila ukurasa wiki moja, kila wiki mistari saba.

"Nitalikimbia daftari lote kama lilivyo," aliniambia. "Halafu nitakimbia marathoni yake, kilomita zote arobaini na mbili."

Mimi ni nani nimkataze? Nilimnunulia soksi.

Kulikuwa na jambo dogo, na sote tuliliona tukalipita. Katika daftari lile, mistari mingine haikuwa na kitu. Wiki moja ulikuwa mtupu mstari mmoja, wiki nyingine miwili.

"Alisahau kujaza," mke wangu alisema. "Unamjua dada. Alikuwa anasahau hata ufunguo mlangoni."

Akaijaza yeye, wiki kwa wiki. Palipokuwa wazi aliandika kilomita nane, pengine kumi. Hakutaka kumwangusha dada yake hata siku moja.

Wiki ya tano alianza kukonda. Wiki ya sita alikuwa anaamka saa nzima kabla ya kengele na kukaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, akisubiri. Akirudi alikunywa chai kavu, akaenda kazini. Jioni alipika chakula cha watu wawili na kula robo ya chake. Nikimwambia apumzike, alinionyesha daftari. Dada hakupumzika, alisema, mbona sisi tupumzike?

Siku ile ya dirishani alinieleza yote. Tangu wiki ya nne alikuwa anasikia mtu akikimbia nyuma yake, upande wa kushoto. Mtu huyo hampiti. Hamwachi. Akigeuka, hayupo.

"Mwanzoni niliogopa," alisema. "Sasa siogopi. Pumzi yake naijua."

"Pumzi ya nani?"

"Kilomita za mwanzo hayupo," aliendelea, akifungua kamba za viatu. "Anakuja nikishachoka kabisa. Kwa hiyo lazima nichoke. Umenielewa, mume wangu? Nisipochoka, haji."

Nilielewa, na nilitamani nisingeelewa. Nilienda dukani nikakaa katikati ya saa zangu. Siku hiyo nilizisikia zote.

Jumamosi, mama mkwe alikuja kututembelea. Ilikuwa mchana, jua kali. Alishika ufagio, maana yeye akifika kwa watu hakai mpaka afagie ua. Nikiwa dukani nilisikia ufagio ukipita mara tatu, kisha ukasimama. Nilisubiri. Haukuanza tena.

Nilimkuta amesimama katikati ya ua. Mbele yake, kwenye mchanga, kulikuwa na alama za viatu kutoka lango hadi mlango wa nyuma.

"Nani amepita hapa?" aliuliza.

"Mwanao, mama. Alirudi mbioni asubuhi."

"Mwanangu yupi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

"Mke wangu, mama."

Alitikisa kichwa. "Huyo hukanyaga bapa. Tazama hapa. Alama zimezama ukingo wa nje, na vidole vimetazama pembeni. Marehemu ndiye alikuwa anakanyaga hivi. Nilimshika mikono alipokuwa anajifunza kutembea, baba. Siwezi kukosea."

Aliegemeza ufagio ukutani na upande ule hakuufagia. Alama zilikaa pale mpaka upepo ulipozifuta. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilikuwa nazunguka mbali nisizikanyage.

Jumapili niliamka kabla ya mke wangu. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, nikaushika. Kwa kazi yangu siwezi kugusa kitu kinachodunda nisikihesabu. Nilichukua saa yenye mshale wa sekunde, nikahesabu dakika nzima. Sabini na sita. Nikarudia. Sabini na sita. Mwaka tuliooana nilimhesabu hivyo hivyo kwa mchezo, akiwa amelala, nikapata hamsini na nane.

Uso wake ulikuwa umetulia. Lakini chini ya shuka vidole vya miguu vilikuwa vinajikunja na kujikunjua kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mwili ulikuwa umelala na moyo ulikuwa barabarani.

"Usimsimamishe," alisema. Macho yalikuwa bado yamefumba.

"Nani?" nilinong'ona.

"Amebakiza kidogo anifikie."

Kisha akafumbua macho, akatabasamu kama kawaida yake, akauliza ni saa ngapi. Hakukumbuka kwamba amesema chochote. Alivaa viatu akaenda zake.

Alipokuwa nje, mama mkwe alikaa mezani na lile daftari. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Aliponiita, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Huu ni mwandiko wa marehemu," alisema.

"Ndiyo, mama. Daftari ni lake."

"Sisemi hayo. Tazama huu."

Ulikuwa mstari wa Alhamisi, wiki ya nane, wiki ambayo tulikuwa hatujaifikia. Uliandikwa kilomita kumi na mbili. Jana yake jioni mimi mwenyewe niliuona mstari huo mtupu. Wino wake ulikuwa mweusi kuliko mingine. Kalamu ilikuwa mezani, wazi, kifuniko chake pembeni.

Mke wangu aliporudi tulimuuliza. Aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. "Sijaandika mimi," alisema. "Wiki ya nane sijaigusa."

Hakuna aliyeifunika kalamu ile. Tulikaa watatu tukiitazama.

Hapo mlango wa dukani ukagongwa. Alikuwa Bi Nyosha, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ni mtaalamu wa viungo hospitalini. Kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao wakivunjika au kupooza. Mtaa mzima humwita Bi Nyosha kwa sababu hawezi kukupita bila kukwambia unyoshe mgongo. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu na walikimbia pamoja miaka sita. Ana saa moja mbovu ambayo nimeitengeneza mara sita, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa ubovu wake.

"Shemeji, mgonjwa wangu amepona?" aliuliza. Kabla sijampa saa yake, alimwona mke wangu akishuka ngazi mbili za mlango wa ndani, daftari kwapani, mama akimfuata. Alikuwa anashuka upande upande, mkono ukutani. Bi Nyosha akaisahau saa.

"Mdogo wangu, mguu una nini?"

"Umekaza tu."

"Tangu lini?"

"Siku tatu hivi."

"Wiki tatu," nilisema. Nikakatwa jicho.

"Kaa hapa. Nionyeshe panapouma."

Mke wangu alipitisha kiganja kwenye muundi wote.

"Si kwa kiganja. Kwa kidole kimoja."

Alisita. Kisha akaweka kidole mahali pamoja, mbele ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya katikati. Bi Nyosha akapabonyeza taratibu kwa kidole gumba. Mke wangu aliruka, kiti nusura kianguke.

"Nisikilize," Bi Nyosha alisema. "Misuli ikichoka huuma eneo zima, na ukipumzika siku mbili hupungua. Mfupa ukiumia huuma mahali pamoja, unaweza kupaonyesha kwa kidole. Huuma ukikimbia, baadaye ukitembea, mwisho hata ukiwa umekaa. Maumivu ya misuli unaweza kuyavumilia. Haya ya mfupa usiyavumilie hata siku moja. Ukiendelea kuukimbilia mfupa huu utavunjika barabarani. Kesho unakuja hospitali tupige picha."

Nilimweleza habari ya mapigo ya moyo. Aliniangalia kwa mshangao, kama vile hakutegemea akili kwangu.

"Shemeji amefanya jambo la maana," alisema. "Kila mkimbiaji ahesabu mapigo yake akiamka, kabla hajatoka kitandani. Dakika nzima. Ayajue yake ya kawaida. Yakipanda kama kumi au zaidi, siku kadhaa mfululizo, mwili unasema haujapumzika, au kuna ugonjwa unakuja. Mdogo wangu, unalala saa ngapi kwa siku?"

"Nne."

"Ukitoka mbioni unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai," mama mkwe akajibu badala yake.

"Hedhi yako je?"

Mke wangu alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. "Miezi miwili sijaiona. Nimepima, si mimba."

Hilo nilikuwa sijaambiwa. Nilikuwa nimehesabu siku kimya kimya nikajipa matumaini. Msinicheke, nilikuwa nimeshaweka mbao za kitanda cha mtoto nyuma ya kabati. Niliumia, lakini haikuwa saa ya kulisema.

"Hiyo pia ni dalili," Bi Nyosha alisema kwa upole. "Umeupa mwili kazi kubwa na chakula kidogo. Mwili ukipungukiwa huanza kuzima vitu ili ubaki hai. Hedhi huzimwa mapema. Mifupa nayo hunyimwa, ikawa dhaifu. Na kule kiwandani unasimama saa nane. Hizo nazo ni kazi kwa miguu, au wewe huzihesabu? Nani kakupa ratiba ya namna hii?"

Mke wangu alimsogezea daftari. Bi Nyosha alipoona jalada lake aliweka mkono kifuani. Alifungua polepole, akitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Hapa nani kaandika?"

"Mimi," mke wangu alisema. "Alikuwa amesahau kujaza. Ila huo wa wiki ya nane si wangu."

"Mdogo wangu, dada yako hakusahau kitu. Hizo ni siku alizopumzika. Alikuwa haandiki neno, kwa sababu hakufanya neno."

Saa zangu zote kumi na moja zilisikika ndani ya chumba kile.

"Siku hizo asingekimbia hata kama angefukuzwa na mbwa," Bi Nyosha aliendelea. "Alikuwa anakuja kwangu. Anakaa kwenye kiti, miguu juu ya kingine, anakula karanga na kuwasema watu wa mtaa mzima. Mimi nilikuwa wa kwanza kusemwa. Nikimwambia twende hata kilomita mbili, ananiambia mguu haupati nguvu ukiwa unakimbia. Unapata nguvu ukiwa umekaa, baada ya kukimbia. Na alikuwa anasema kweli. Mazoezi huuchana mwili kidogo kidogo. Ukilala na ukila, mwili hujishona, na unajishona imara kuliko mwanzo. Wewe umekuwa unauchana kila siku. Umeushona lini?"

Mama mkwe alivua miwani. "Na mwandiko?" aliuliza.

"Mama, nani aliwafundisha kuandika hawa?"

"Mimi. Wote wawili, kwenye meza moja."

"Basi ndiyo hiyo. Na mtu anayelala saa nne huweza kuamka nusu usingizini, akafanya jambo, asikumbuke. Nawaona hospitalini."

Mimi nilikuwa nimeshavichukua vile viatu. Niliviweka chini ya taa na kuvitazama kwa lenzi yangu ya jichoni. Soli zilikuwa zimelika ukingo wa nje, zikafuata mguu wa mwenyewe. Mguu wowote ungewekwa mle ungelazimika kukanyaga hivyo. Sifongo ya ndani ilikuwa imekufa, unabonyeza hairudi. Na kisigino cha kushoto kilikuwa kimebanduka. Nilikipiga juu ya meza. Kikatua, na nyuma yake soli ikatua peke yake, nyepesi.

Nilikipiga tena. Hatua, na hatua ya pili.

Mke wangu alishtuka akageuza shingo upande wa kushoto. Kisha akaona kiatu mkononi mwangu. Maisha yangu yote nimefurahi kila nilipopata chanzo cha mlio. Siku hiyo nilitamani nikirudishe kiatu sakafuni na kuomba radhi.

"Na pumzi je?" aliuliza. "Pumzi pia ni kiatu?"

Bi Nyosha alimshika mkono. "Pumzi sijui," alisema. "Mwili uliochoka sana husikia mengi. Moyo wenye msiba husikia mengi zaidi. Si wazimu, wala usione aibu. Pale hospitalini kuna mshauri, nitakupeleka ukazungumze naye."

"Nikipumzika ataondoka," mke wangu alisema. "Hamnielewi. Nyie mnataka nipone. Mimi nikipona, yeye anaondoka."

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Nilikuwa naogopa kwamba mke wangu angechagua kuchoka mpaka tumpeleke yeye pia makaburini.

Bi Nyosha alilifungua tena daftari, akamwekea magotini.

"Umesema utaifuata ratiba yake yote," alisema. "Hujaifuata. Umefuata siku zake za jasho tu. Zile alizokuwa anakaa na kucheka umezifuta, ukaandika kilomita juu yake. Ukitaka kuwa naye, kuwa naye na siku hizo. Njoo kwangu ukae kwenye kiti chake. Nina habari zake ambazo nyie hamjawahi kuzisikia."

Mke wangu aliutazama mstari ule wa wino mweusi. Kesho yake alikubali kwenda hospitali, na picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Marathoni ya mwaka ule ikaishia pale.

Alikaa wiki nane bila kukimbia. Alipewa gongo la kutembelea. Kiwandani aliandikiwa barua, akapewa kiti na kazi ya kukunja mashati. Usingizi ulikuwa mgumu mwanzoni, kisha ukaja, saa sita, saa saba, baadaye nane. Mama mkwe aligoma kuondoka na akashika jikoni. Mayai, maharage, viazi, maziwa, matunda. Hakuna sahani iliyorudi na kitu. Mimi kazi yangu ilikuwa mapigo, kila alfajiri. Yalishuka sabini, sitini na tano, sitini. Mwezi wa tatu tangu picha ile, hedhi ilirudi, na safari hii niliambiwa.

Kila Alhamisi na Jumapili alikwenda kwa Bi Nyosha. Nilikuwa nawasikia wakicheka kutoka dukani kwangu. Lakini akiwa nyumbani, alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya sentensi na kutega sikio.

"Yupo?" nilimuuliza mara moja, mchana, tukichambua maharage.

"Yuko mbali," alisema. "Kama yuko mtaa wa pili."

Wiki mbili baadaye nikamuuliza tena. Alisikiliza kwa muda. Nami nilisikiliza. Alisema, "Sijui. Labda kule kwenye kona." Aliendelea kuchambua maharage.

Bi Nyosha alipomruhusu kuanza tena, alianza kwa kutembea. Kisha alikimbia dakika moja na kutembea mbili. Viatu vilikuwa vipya, vyake mwenyewe, alivyojaribu dukani kwa miguu yake. Kila wiki aliongeza kidogo, si zaidi ya sehemu moja katika kumi. Kila wiki ya nne alipunguza. Siku mbili kwa wiki hakukimbia kabisa. Ndani ya saa moja baada ya mbio alikula, hata kama hakuwa na njaa. Kikiuma kitu, alikionyesha kwanza kwa kidole kimoja.

Kilomita ziliongezeka tena mpaka thelathini. Wiki tatu za mwisho kabla ya marathoni ya mwaka uliofuata, Bi Nyosha alimpunguzia mazoezi, kila wiki zaidi. Mke wangu alilalamika kwamba anajisikia kama gari lililoegeshwa.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," Bi Nyosha alimwambia. "Siku ya mbio ufike na hamu, si na uchovu."

Siku yenyewe ilipofika, asubuhi ilikuwa na ukungu mzito. Wakimbiaji walipoondoka, ukungu uliwameza safu kwa safu. Tulibaki tunasikia miguu tu, maelfu, bila watu. Nilisimama na Bi Nyosha mwishoni mwa njia kwa saa nne na zaidi. Ukungu ulikuwa haujaisha. Wakimbiaji walitokea ndani yake mmoja mmoja, kimya, nyuso nyeupe kwa chumvi ya jasho, kama watu waliotoka mbali kuliko kilomita arobaini na mbili.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Hatua zilikuwa sawa, hazikuwahi wala hazikuchelewa. Nilisikiliza nyuma yake kwa masikio yangu yote. Hapakuwa na kitu.

Alivuka mstari. Nilimkimbilia, nikamkumbatia, jasho na yote. Alikuwa mzima, miguu yote miwili imesimama imara. Nilianza kumpongeza, akaniwekea mkono mdomoni.

"Hakuja," alisema.

Sikuuliza nani.

"Nilimsubiri mpaka kilomita ya thelathini. Nilikuwa nimechoka, unajua, nimechoka kweli kweli. Nikasema sasa atakuja. Nikapunguza mwendo ili anifikie." Alitazama nyuma, kwenye ukungu. "Dada amekufa, mume wangu."

Hakulia alipopigiwa simu kutoka hospitali. Hakulia makaburini. Mwaka mzima na nusu hakulia. Sasa alilia kwa sauti, katikati ya watu, akataka kukaa chini pale pale.

Bi Nyosha alimdaka kwapa la kushoto. Yeye pia machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Lia, mdogo wangu," alisema. "Lia sana. Ila usikae. Ukikaa ghafla baada ya mbio utaanguka, na miguu itakaza. Lia ukitembea."

Nikamshika upande wa pili. Tukatembea hivyo, taratibu, dakika kumi nzima kama inavyotakiwa, na yeye akalia njia yote.